Sauti Tatu Zisizomezana

Kwa miaka mingi niliimba sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa, na mwalimu wetu alikuwa na karipio moja asilochoka kulirudia: "Nasikia mtu, sitaki kusikia mtu." Ndiyo maana kundi la muziki wa roki la The Band lilinichanganya nilipolisikia mara ya kwanza, kwa kuwa humo kila mtu anasikika.

Wanne kati ya wanamuziki hao watano walitoka Ontario, Kanada. Wa tano, mpiga ngoma Levon Helm, alikulia kwenye mashamba ya pamba huko Arkansas, na kwa maoni yangu bila yeye bluzi yao, yaani ule muziki wa Wamarekani Weusi wa Kusini, ingebaki kuwa ya kusomea. Walimpigia muziki mwimbaji Ronnie Hawkins, kisha mwimbaji Bob Dylan, halafu wakatulia katika nyumba ya rangi ya waridi karibu na Woodstock, jimbo la New York, iliyoipa jina albamu yao ya kwanza ya mwaka 1968.

Ndani ya albamu hiyo, kisikilize kiitikio cha "The Weight". Kinapokaribia kufungwa, neno moja fupi la kuunganishia linaimbwa mara tatu: sauti moja inalianza, ya pili inalidaka, ya tatu inakuja nyuma yao, ndipo wote wanapoangukia pamoja kwenye mstari wa mwisho. Mwalimu wetu angesimamisha wimbo hapo hapo. Mimi hupasikia kama ibada ambayo waumini wameanza kuitikia kabla mhubiri hajamaliza, kila mmoja kwa pumzi yake.

Asili ya uimbaji huo inaonekana wazi katika filamu ya Martin Scorsese kuhusu onyesho lao la kuaga la mwaka 1976, pale wanapourudia wimbo huo studioni pamoja na The Staple Singers, kundi la nyimbo za injili la familia moja. Baba wa familia hiyo, Pops Staples, mzaliwa wa Mississippi, alikuwa amezoea kupiga nyimbo za injili kwa gitaa la bluzi linalotetemeka, kwa hiyo hakuna anayeonekana mgeni hapo. Helm anaimba ubeti wa kwanza, Mavis, bintiye Pops, anapokea wa pili, baba mtu anachukua wa tatu kwa upole, kana kwamba anasimulia jambo nyumbani. Wimbo ukishakwisha, Mavis ananong'ona neno moja la sifa, na wahariri hawakulikata.