Turbo haikuwa na kosa

Nilipofungua klipu ya mpira unaotoka intakula, kipoozeo cha hewa inayosukumwa na turbo, kwenda manifoldi inayogawia silinda hewa, oili ilinishukia mkononi hadi kwenye kiwiko. Fundi aliyekuwa pembeni akatikisa kichwa. "Hiyo turbo imekufa, kaka. Tafuta nyingine." Dalili zilikuwa upande wake: moshi wa bluu kidogo asubuhi, gari kuchoka mlimani, oili kupungua bila tone hata moja chini.

Kabla sijatoa hela, nilivua na mpira wa upande wa ea klina, nikashika shafti ya turbo kwa vidole viwili. Pembeni ilicheza kidogo mno, panga hazikugusa ganda; mbele na nyuma haikucheza kabisa, dalili kwamba turbo ni nzima. Ila mdomo wa turbo, pale hewa inapoingia kabla ya kufika kwenye panga, ulikuwa umelowa. Hapo nikajiuliza: oili ya turbo itatokaje na kusafiri kinyume cha upepo? Hii ilikuwa inakuja na hewa. Nikafuata kimpira kilichochomekwa hapo karibu na mdomo, kikanipeleka moja kwa moja hadi kwenye tapet kava, kile kifuniko cha juu ya injini.

Ringi za pistoni hazizibi kwa asilimia 100, hata injini ikiwa mpya. Gesi kidogo hupenya kwenda chini kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, hukutana na oili inayorushwarushwa na krankshafti, na hugeuka ukungu. Ukungu huo lazima utoke, na una njia mbili. Usipokanyaga sana, manifoldi huuvuta kupitia valvu ya PCV, inayopitisha gesi ya sampu upande mmoja tu. Turbo ikianza kusukuma hewa, valvu hiyo inatakiwa ijifunge, na ukungu utokee kwenye kimpira kile kingine, ukinyonywa na turbo yenyewe. Kutoka hapo unalowesha intakula na mabomba yote. Kwenye injini kama yangu, inayopulizia petroli ndani ya silinda, hakuna petroli ya kuosha migongo ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo oili inaungulia pale na kuwa masizi magumu. Tena hewa yenye oili huleta kugonga ndani ya silinda, yaani mchanganyiko kulipuka vibaya; kompyuta ikisikia kugonga inachelewesha cheche, nawe unabaki kulaumu mlima.

Kwanza nilichomoa stiki ya kupimia oili. Oili ilipita alama ya juu kwa upana wa kidole! Walionibadilishia oili mara ya mwisho walimimina tu. Nikapunguza. Kisha nikachomoa valvu ya PCV, nikaifuta, nikaipuliza kwa mdomo: pumzi ilipita upande huu, nikaigeuza, ikapita vilevile. Maana yake kila nilipokanyaga, turbo ilikuwa ikijaza upepo sampu. Niliweka mpya ya kiwandani, na bei yake haikukaribia hata kidogo ile ya turbo.

Hali ilitulia lakini haikuisha. Ndipo nikaamua kuweka kopo la kunasa oili, na hapo ndipo nilipokosea mara nyingi zaidi.

La kwanza lilikuwa kopo tupu linalong'aa, lenye matundu mawili. Nilifuta mabomba yakawa makavu, nikatembea wiki moja, nikapitisha kitambaa cheupe: kopo kavu, kitambaa cheusi. Ukungu uliingia, ukageuka, ukatoka zake. Nikalifungua, nikaweka bamba katikati ili gesi ilazimike kushuka kwanza, na stiliwaya nene isiyoshika kutu. Ile laini ya kusugulia sufuria usithubutu, inakatika vipandevipande na vipande vinaelekea kwenye panga za turbo. Mimi hata hiyo nene niliizuia kwa wavu kwenye tundu la kutokea.

Kosa la pili: nililiweka upande wa PCV peke yake, wakati mimi huendesha kwa kukanyaga, na gesi nyingi ilikuwa ikipita upande wa turbo. Nikalihamishia huko, mbali na ekzosi, kwa sababu kopo likiwa la baridi ndipo ukungu unapogeuka matone.

La tatu ndilo lililonitisha. Nilitumia mpira wa maji ya rejeta. Baada ya mwezi ulikuwa laini kama bigijii, umebonyea kwenye kona. Oili ya turbo hurudi sampu kwa kuteremka yenyewe. Pumzi ya sampu ikizibwa, presha inapanda, oili inakosa pa kushukia, na hapo turbo nzima kabisa itavuja kweli. Nikanunua mpira wa kuhimili oili, wenye tundu lisilopungua lile la awali, nikaupandisha kwenda juu bila bonde ambalo maji yangetuama.

Kuna aliyenishauri nitupe kopo na kuuacha mpira wazi upumulie nje. Nilikataa. Harufu ingeingia ndani ya gari, na gari lenye mita ya hewa huchanganyikiwa pale injini inapovuta hewa ambayo haikupimwa. Na nchi nyingi sheria zinakataza.

Siku hizi nalimwaga kopo kabla halijafika nusu. Msimu wa baridi hutoka maji meupemeupe mazito yanayonuka petroli. Hayo siyarudishi kwenye injini hata kama ndani yake kuna oili. Kitambaa changu bado hutoka na utando mwembamba, na sioni haja ya kuufukuza. Juzi kopo lilitoa kama vijiko viwili. Nilimwonyesha yule fundi, akanusa, akaniambia turbo ile bado haitafika mbali.