Sikio Linalojibu

Juzi kitinda mimba wangu aliniuliza kwa nini bibi hasikii kipimajoto kikilia kwapani mwake mwenyewe, ilhali mtu akifunga friji jikoni anamsikia. Nikamwambia masikio ya bibi yamezeekea upande wa sauti nyembamba. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki namkumbuka mzee mmoja wa Kirumba, Mwanza.

Ni kabla ya 2018, Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado halijaiondoa kanamycin, dawa ya sindano inayoweza kuharibu masikio, kwenye tiba ya kifua kikuu sugu. Wagonjwa walichomwa sindano kwa miezi, nasi tukapita na kipimo kuangalia masikio yamefikia wapi. Chumba tulichopewa kilikuwa stoo. Tuliegesha magodoro ukutani, feni tukazima, dirisha la upande wa mwalo tukafunga, joto usiseme. Waliotushinda ni korongo. Wakitua juu ya bati, kipimo kinaharibika, maana kinachotafutwa ni sauti ndogo mno inayotoka ndani ya sikio lenyewe.

Ndiyo, sikio hutoa sauti. Thomas Gold alilisema jambo hilo 1948 na hakusikilizwa. David Kemp akaipima sauti hiyo London, 1978. Ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio iliyojikunja kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo. Za ndani, kama 3,500 kwa mstari mmoja, ndizo hasa zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za nje, kama 12,000 kwa mistari mitatu, hurefuka na kufupika kufuata mtikisiko, zikiukuza, na katika kuhangaika huko sauti kidogo hurudi nje kupitia vile vifupa vitatu hadi kwenye kiwambo cha sikio. Seli hizo zikifa, hairudi. Kwa kuku huota nyingine. Kwa binadamu hazioti.

Mzee aliingia akicheka. "Mwangaluka! Mimi nasikia, daktari. Mtumbwi ukiwa mbali huko nakwambia ni injini ya nani." Kweli, kwenye kipimo cha kubonyeza kitufe alifanya vizuri hadi herzi 4,000 (herzi zikizidi, sauti huwa nyembamba zaidi), na mazungumzo ya kawaida karibu yote yako chini ya hapo.

Tukahamia kwenye kipimo kisichomuuliza mtu kitu. Kwanza unachungulia kama kuna nta. Unachagua kizibo cha mpira kinachojaza tundu, unalivuta sikio juu na nyuma (mtoto mchanga unalivuta chini na nyuma), unakisukuma huku ukikizungusha kidogo. Kikikaa ovyo, sauti nene huvuja na kelele za nje huingia. Ndani ya kizibo mna spika mbili na maikrofoni moja. Spika zinatoa sauti mbili kwa pamoja, tuseme herzi 3,279 kwa desibeli 65 na herzi 4,000 kwa desibeli 55. Sikio zima hutengeneza ya tatu, ambayo hakuna aliyeipiga, kwenye herzi 2,558. Ikizidi kelele ya chumba kwa desibeli 6, tunaikubali.

Nukta zikaanza kupanda kwenye skrini, kila moja ni jibu la sikio kwenye herzi zake. 2,000, ipo, juu kabisa ya kelele. 3,000, ipo. 4,000, imelegea. 6,000, imezama kwenye kelele. 8,000, hakuna kitu. Nikakitoa kizibo, nikakiweka kwenye kile kitundu cha plastiki cha majaribio, ambacho kikijibu ujue mashine inadanganya. Hakikujibu. Nikampima nesi: nukta zote juu. Nikarudi kwa mzee na kizibo kikubwa zaidi, tukangoja korongo watulie. Picha ileile, na sikio la pili vilevile. Nta au maji nyuma ya kiwambo yangefifisha hata nukta za sauti nene, na zake zilikuwa nzima.

Dawa ile huingia kwenye seli za nje kupitia milango ileile ya vinyweleo inayopitisha umeme wa sauti, na huanza kuua mwanzoni mwa koklea, kunakosikilizwa sauti nyembamba. Kisha hupanda. Hata sindano zikisimama, hukaa humo kwa muda mrefu na huweza kuendelea kuharibu.

Nilimweleza yote, kwa nia njema. Akauliza, "Kifua kitapona?" Nikamwambia hilo ni la daktari. "Basi kifua kwanza." Daktari wake alipoiona karatasi, akapunguza sindano zikawa mara tatu kwa wiki, jambo ambalo wenzake wengine walilipinga, na hawakukosa hoja.

Mzee aliporudi kupimwa tena, nukta ya 4,000 ilikuwa palepale. Lakini sasa alikuja na lalamiko jipya: usiku sikio linavuma, filimbi isiyokoma, hapati usingizi. Seli za nje zikifa, mvumo ni wa kawaida. Nikamuuliza ulianza lini. Akahesabu kwa vidole, akasema ulianza jioni ya siku ile tuliyompima.