Jinsi nilivyopata miaka iliyokosekana katika kitabu cha ukoo wetu

Muswada wa kitabu cha ukoo wetu wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ulikwama kwa sababu wazee walikumbuka majina na visa vyote, lakini hakuna aliyejua mwaka. Niliacha kuwauliza miaka, nikawauliza matukio: je, babu mkuu alizaliwa kabla Wajerumani hawajaiteka Kalenga mwaka 1894, au baada ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, kufariki mwaka 1898? Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba siku fuvu la Mkwawa, lililokuwa limepelekwa Ujerumani, liliporudishwa alikuwa amembeba shangazi mgongoni, hajaanza kutembea. Fuvu lilirudi mwaka 1954. Kutoka hapo, nikihesabu kurudi nyuma, nilipata miaka ya kuzaliwa ya kaka wanne wa shangazi.

Uchapaji ulikuwa rahisi zaidi, isipokuwa katika nakala ya majaribio gundi ya mgongo ilimeza mwanzo wa mistari, nami nikapanua pambizo ya ndani hadi milimita 20 ndipo nikaagiza nakala 50.

Nakala ya kwanza nilimpelekea bibi, naye akaniomba nimsomee ukurasa wa mama yake mara mbili.