Hesabu ya makala, hesabu ya zabibu

Juzi msimamizi wangu wa tasnifu amenirudishia sura ya pili ikiwa imejaa wino mwekundu. Swali lake kubwa: "Hili jarida lako la biashara ya anga za juu, nani analinukuu?"

Nikakaa nje kwenye upepo wetu huu wa Dodoma, mkono mmoja umeshika karatasi zisiruke, nikapiga hesabu ya "impact factor", yaani kipimo cha jarida linanukuliwa kiasi gani. Unachukua makala za jarida zilizotoka ndani ya miaka 2 iliyopita, unaangalia mwaka huu zimenukuliwa mara ngapi, unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Makala 40 zikinukuliwa mara 60, jibu ni 1.5. Basi! Na kuna watu wanapandishwa vyeo kwa namba hiyo.

Jioni nikamsimulia shangazi, anauza zabibu Majengo. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, anayenunua akala kimya kimya, yeye hamumhesabu?"

Nikaduwaa. Ndilo jibu nililolikosa kule ofisini. Desemba 2015 roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ilipeleka satelaiti angani, kisha sehemu yake ya chini ikarudi kutua wima ardhini. Mhandisi wa kampuni kama hiyo akisoma makala ikamsaidia kazi kama hiyo, ataandika wapi kwamba ameisoma? Kazi yake ni kurusha roketi, si kuchapisha. Halafu hiyo miaka 2 yenyewe! Satelaiti moja inaweza kuchorwa na kujaribiwa miaka mitano kabla haijaruka.

Jumatatu narudi na hoja hii. Kinachonitatiza ni namna ya kumwandika shangazi kwenye marejeleo.