Deni la Hoteli Hubebwa na Nani

Anayepita Nungwi, Kiwengwa au Paje, pwani ya Zanzibar, huona jina kubwa juu ya lango la hoteli akadhani kwamba mwenye jina ndiye mwenye jengo, na ndiye anayedaiwa na benki. Mara nyingi sivyo. Kampuni nyingi kubwa za hoteli duniani huuza jina, usimamizi na mfumo wa kuwekea vyumba, zikalipwa asilimia ya mapato, ilhali jengo na mkopo uliolijenga vimo mikononi mwa mtu mwingine.

Mwaka 1993 Marriott, kampuni ya hoteli ya Marekani iliyokuwa imejenga hoteli nyingi kwa fedha za kukopa kisha soko la majengo likaanguka, ilijigawa mara mbili: Marriott International ikachukua mikataba ya usimamizi, na Host Marriott ikabaki na majengo mengi pamoja na sehemu kubwa ya madeni. Wenye hatifungani, yaani hati za mkopo walioipa kampuni, walighadhibika, na baadhi yao wakaenda mahakamani. Naona walikuwa na haki, kwani waliikopesha kampuni moja yenye vyanzo viwili vya mapato, wakajikuta wanaidai ile iliyoachiwa mzigo.

Deni kubwa peke yake haliui hoteli. Blackstone, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, iliinunua kampuni ya hoteli ya Hilton mwaka 2007 kwa takriban dola bilioni 26, na karibu bilioni 20 kati yake zilikuwa za mkopo. Msukosuko wa fedha ukafuata, wasafiri wakapungua, lakini tarehe za kulipa zilikuwa mbali. Mwaka 2010 Blackstone na Hilton wakakubaliana na wakopeshaji kupunguza deni, na Desemba 2013 hisa za Hilton zikauzwa sokoni. Waliokolewa na muda.

Muda ndio unaowakosekania wenye hoteli ndogo hapa kwetu, na hili linanihuzunisha. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, kwa hiyo kinachowekwa rehani ni jengo na haki ya kuitumia ardhi, na mwenye mkataba wa kukodi uliobakiza miaka michache hupata shida kukopa kwa muda mrefu. Hupewa mkopo mfupi wenye marejesho yaliyo sawa kila mwezi, wakati wageni wenyewe hawaji sawa kila mwezi: Julai na Agosti vyumba hujaa, masika ya Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga kabisa, lakini mshahara wa mlinzi na fungu la benki havingojei mvua ikatike. Machi 2020, ndege za watalii ziliposimama, tuliona jinsi mapato yanavyoweza kukatika ghafla.

Kuna pia suala la sarafu. Hoteli ya pwani inayolipwa dola na yuro inaweza kukopa dola. Nyumba ya wageni ya Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba, ambayo wateja wake ni wafanyabiashara na watumishi wa serikali wanaolipa shilingi, isithubutu.

Wengi wetu hatutaki riba, na njia ya musharaka inayopungua inafaa hoteli kuliko watu wanavyodhani: benki na mwenye hoteli humiliki jengo kwa pamoja, naye hununua sehemu ya benki kidogo kidogo huku akiilipa benki kodi ya pango kwa sehemu iliyobaki. Hata hapo, kabla ya kutia saini, mwenye hoteli aombe malipo makubwa yaangukie Julai hadi Oktoba, na yaanze baada ya jengo kupokea wageni, si wakati mafundi bado wanapaua.