Montmartre: kilima kilichotobolewa

Ukishuka kituo cha metro cha Abbesses, Paris, ingia lifti. Kituo kiko mita 36 chini ya ardhi, na ngazi zake za mzunguko zitakumaliza kabla hujaanza kupanda kilima chenyewe cha Montmartre, ambacho kina mita 130 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka upande wa chini wa bustani ya mteremkoni hadi kanisa la Sacré-Cœur kuna ngazi 222, au funikula (kigari cha reli kinachovutwa kwa kebo) iliyoanza mwaka 1900.

Tatizo la kilima hiki ni jasi, mwamba laini. Ilichimbwa karne na karne kwa ajili ya plasta, ardhi ikabaki na mapango. Ndiyo maana ujenzi wa kanisa ulipoanza mwaka 1875, kwanza vilichimbwa visima 83 vya kina cha mita 33 hivi, vikajazwa zege hadi kufikia tabaka gumu. Nguzo hizo ndizo zinazolibeba.

Montmartre iliunganishwa na Paris mwaka 1860. Tarehe 18 Machi 1871 askari wa serikali walipanda kuchukua mizinga ya Walinzi wa Taifa, wanamgambo wa Paris. Farasi wa kuivuta wakachelewa, umati ukajaa, na uasi wa Komuni, serikali ya kimapinduzi ya Paris, ukaanza. Kosa la usafiri tu!