Koni barabarani Mtwara leo

Mnaouliza kwa nini ile njia ya kuingilia barabara ya bandarini imefungwa tangu asubuhi: ni majaribio ya kupunguza foleni, si ukarabati.

Wanaochomekea pale ndio wanaokata mwendo wa malori.
Lori la makaa ya mawe likishafunga breki, linachelewa sana kurudisha kasi. Foleni inajijenga nyuma yake wakati aliyechomekea ameshaondoka zake.

Kilichoharibu leo ni koni. Zimepangwa mita tatu tatu, bodaboda wanapenya katikati kama maji. Mita moja na utepe juu yake, hapo sawa. Na ibaki sehemu ya mita 3.5 inayofunguka upesi kwa gari la wagonjwa!

Hesabu za leo zisitumike, jamani. Siku za mwanzo madereva wanashangaa tu.
Wakishazoea, magari yahesabiwe kila dakika 15, siku na saa zilezile za kabla ya kufunga. Bodaboda, bajaji na malori kila kundi peke yake. Mitaa ya nyuma nayo ihesabiwe, huko ndiko foleni inakohamia.
Msimu wa korosho usilinganishwe na Juni.

Na kudhibiti wanaoingia barabarani si mzaha: mwaka 2000, Minnesota, Marekani, walizima kwa wiki kadhaa taa zinazopangia magari zamu ya kuingia barabara kuu. Ajali zikapanda kwa asilimia 26. Wakaziwasha tena.

Mliopita mitaa ya nyuma leo, foleni iliishia wapi, na saa ngapi? Andikeni hapa.